Mjumbe wa Kumi

Mke wangu Brigita alifariki mwezi wa tatu. Mwezi wa kumi nikaombwa nimrudishe duniani kwa muda wa saa tatu hivi, kuanzia chai ya asubuhi mpaka chakula cha mchana, halafu basi.

Aliyeniomba si mlevi. Ni Profesa Vedasto, mwenyekiti wa Kikundi Kazi cha Chemchemi, kilicho chini ya chama cha wasomi wanaotafiti maji na ardhi nchi nzima. Chama hicho kina vikundi vingi, na kila baada ya miaka minne wakubwa wake hutuma watu wawili kwenye kila kikundi waje kutazama kama bado kinapumua. Wanaita tathmini. Kikipita, kinapewa miaka minne mingine. Kisipopita, kinafungwa na makaratasi yake yanapelekwa Dar es Salaam, na mimi sijawahi kusikia karatasi iliyokwenda huko ikarudi.

"Tuko kumi pamoja na yeye," Profesa aliniambia, amekaa uani kwangu na kofia magotini. "Bila yeye tuko tisa. Kanuni inasema kikundi kisichofika wajumbe kumi siku ya tathmini kinafungwa."

"Tafuta mwingine."

"Mjumbe mpya hahesabiki mpaka atimize mwaka."

"Nani kaweka hiyo?"

"Wakubwa."

"Basi wakubwa waje wamfufue wao."

Hakucheka. Zamani angecheka. "Useme tu amekwenda kwa Selina, na amekwenda na daftari jipya, la mwaka huu," alisema. Selina ni binti yetu, anafundisha shule ya msingi kule Enguserosambu. "Hilo tu, Qamara. Mengine nitayasema mimi."

Nilitaka kumwonyesha njia. Sikumwonyesha, na sababu yake si Profesa.

Alikuja kijijini kwetu, huku juu ya Rhotia, mwaka elfu mbili na mbili, nywele nyeusi tii, na gari la kuazima lililojaa vijana wa chuo. Akasimama palepale uani akauliza nani anazijua chemchemi za bonde hili. Nikasema mimi. Brigita alikuwa anapepeta ngano, hata hakuinua kichwa. Akasema, "Huyo anajua njia ya kilabuni. Niulizeni mimi."

Wakacheka wote, wakamfuata yeye. Mimi nikabebeshwa panga na ncha ya futi.

Hivyo ndivyo tulivyoishi miaka ishirini na mmoja. Kila Jumamosi asubuhi, ng'ombe wakishakamuliwa, tunashuka bondeni. Pale chemchemi walisimika ubao wenye mistari myeusi na myekundu, maji yakifika mstari fulani unaandika namba fulani. Brigita alimaliza darasa la saba, mimi niliishia la nne, kwa hiyo yeye anasoma na kuandika, mimi nashika futi kupima upana. "Usilegeze," ananiambia. "Sijalegeza." "Umelegeza, tumbo limekutangulia." Kuna siku nilitumbukia mpaka kiunoni, akaandika namba kwanza ndipo akanipa mkono. Nilipomlalamikia akasema ningesubiri tu, namba isingesubiri, maji nilikuwa nimeyachafua.

Vijana wa chuo wakija mwezi wa saba walilala kwenye ghala letu, juu ya magunia ya ngano. Walikuwa hawajui kula makande, wakajua. Mmoja aliwahi kulia siku ya kuondoka, mwanamume mzima, akamshika Brigita mikono yote miwili, na leo nasikia ni mkubwa wizarani, hajawahi kupita hata kusema hodi. Tathmini ya kwanza ilipokuja tulichinja mbuzi. Wakaguzi walikuwa wazee wawili wenye suti zilizopauka. Waliacha makaratasi kwenye gari, wakashuka bondeni na viatu vyao vya mjini, wakanywa maji ya chemchemi kwa viganja, wakasema kikundi kizuri hiki. Basi, ikawa imepita. Siku hizi wanakuja na fomu ya kurasa kumi na tisa.

Na alikuwepo Naisenya. Huyo ni mama wa Kimaasai wa Oloipiri, upande wa Loliondo. Naye alipewa ubao kwenye kisima cha kwao, ili wasomi walinganishe maji ya huku kwa wakulima na maji ya kule kwa wafugaji. Kuandika hajui. Alikuwa anaikariri namba, anampigia Brigita simu Jumapili, Brigita anaandika safu mbili, yetu na yao. Namba yenyewe ilichukua dakika moja, umbea saa nzima. Kiswahili cha Naisenya cha Kimaa na cha Brigita cha Kiiraqw, sijui walisikilizanaje, lakini nilikuwa nawasikia wakicheka mpaka Brigita anakohoa.

Mwezi wa tatu akaugua ghafla. Gari la wagonjwa likaitwa, tukaambiwa halina mafuta. Tulipopata pikapu ya jirani mvua ilikuwa imeshakata barabara. Barabara hiyo tunaiombea daraja tangu Selina yuko darasa la pili, na kila mwenye cheo aliyepita hapa ametuahidi. Siwataji. Wanajijua.

Basi ndiyo maana sikumfukuza Profesa. Niliona kikifungwa kikundi, wataung'oa na ubao. Kitu pekee ambacho wakubwa walimpa Brigita kikawa kweli ni ule ubao.

Wakaguzi walikuja siku ya Alhamisi. Wawili: bwana mmoja anaitwa Gideon, katibu wa tathmini, mtu wa Moshi, kompyuta kaikumbatia kama mtoto mchanga, na daktari mmoja mwanamke, si daktari wa sindano, wa vitabu, anaitwa Sintamei. Mmaasai wa Arash, lakini amevaa suruali na miwani. Nikawawekea meza chini ya kibaraza, na juu yake daftari la zamani la Brigita, lile linaloishia mwaka jana.

"Saba wako vyuoni, hao nimeshawahesabu kwa simu," Gideon alisema, akibonyezabonyeza. "Wa huku ni watatu. Profesa mwenyewe, yupo. Naisenya wa Oloipiri?"

"Yuko njiani," Profesa alisema. "Alilala Mto wa Mbu."

"Brigita Qamara?"

Profesa akaniangalia mimi. Na mimi nikafungua mdomo, nikashangaa jinsi ilivyokuwa rahisi.

"Kaenda kwa binti yetu, Enguserosambu. Mjukuu ana meno yanaota."

Mjukuu hayupo. Yalikuja yenyewe.

"Atarudi lini?"

"Huyo? Akienda hajui kurudi. Atamfundisha kwanza binti yake kupika, kisha agombane na mkwe, ndipo akumbuke ana mume."

Gideon akacheka. Yule daktari akatabasamu. Nikaendelea, Mungu anisamehe, nilinogewa. Nikawaambia anavyonisema nikilegeza futi. Nikawaambia hapendi mtu aguse kalamu yake, anaificha kwenye kilemba. Hapendi, anaficha, anasema. Miezi saba watu walikuwa wananiambia alikuwa, alikuwa, mpaka masikio yakaota sugu. Pale kwenye meza, mbele ya mtu wa Moshi asiyenijua, mke wangu alikuwa tu kasafiri, na nyumba ikawa na sura ya nyumba ambayo mwenyewe katoka kidogo.

Saa nne pikipiki ikamleta Naisenya. Profesa akawahi getini kabla sijasimama. Niliwaona wanaongea, yeye ameinama, Naisenya amesimama wima na kibuyu cha maziwa begani. Baadaye ndipo nilijua walichosemezana. Simu ya Brigita niliizima baada ya mazishi, kwa hiyo msiba aliusikia mwezi wa tano, gulioni, na safari hii alikuwa anakuja kunipa pole. Profesa akamwomba asiseme kwamba Brigita amekufa. Naisenya akajibu, "Sitasema amekufa." Ni mwanamke mkweli, ahadi yake aliishika.

Akanisalimia bila kunitazama usoni. Akakaa.

"Karibu mama," Gideon alisema. "Nina maswali machache tu. Kipimo cha kwenu unakisoma mara ngapi?"

"Kila wiki."

"Unamtumia nani?"

"Mwenzangu."

"Mwenzako yupi?"

"Wa hapa."

"Jina lake?"

Naisenya akaangalia kibuyu. "Mama wa Selina."

"Mama wa Selina ndiye nani? Hapa kwenye orodha yangu sina mama wa Selina."

"Mke wa huyu mzee."

"Najua, mama, lakini fomu inataka jina. Sema tu Brigita, niandike tuendelee."

"Andika wewe. Umeshalisema."

Gideon akamgeukia Profesa, amechoka. "Miaka ishirini wanafanya kazi pamoja, jina halijui?"

"Lugha tu hiyo," Profesa alisema haraka. "Kiswahili chake ni cha shida."

Kiswahili cha Naisenya hakikuwa na shida yoyote. Nilimwona yule Dokta Sintamei ameacha kuandika. Kalamu imesimama juu ya karatasi, anamtazama Naisenya, kisha ananitazama mimi, taratibu. Akavua miwani.

"Yeyo," akamwita Naisenya kama wanavyomwita mama, akamwambia maneno mawili matatu ya Kimaa. Naisenya akavuta lubega akajifunika bega.

"Baba," Dokta akaniambia mimi, "nipeleke niione chemchemi. Gideon, endelea na Profesa kwenye zile kurasa za machapisho."

Tukashuka. Nilikuwa sijakanyaga njia ile tangu mwezi wa tatu. Nyasi zimefunga. Kule chini nikasikia muungurumo kabla sijaona: pampu mbili, mipira imelazwa mpaka ng'ambo kwenye mashamba ya vitunguu. Ubao wa Brigita ulikuwa umesimama kwenye tope, maji yamesogea mbali nao hatua tatu.

"Hizi pampu nani karuhusu?" Dokta akauliza.

"Kuna mtu ofisini ana muhuri."

"Mmelalamika?"

"Mlalamikaji alikuwa mmoja nyumbani kwetu."

Hapo nikajisikia nimesema alikuwa.

Dokta akakaa juu ya jiwe, hakujali suruali. "Kwetu," alisema, "mtu akifa jina lake hatulitaji tena. Hasa aliyempenda hawezi kulitaja. Yule mama juu pale hata umpe ng'ombe hatalitaja."

Miaka yote hiyo nimekaa na Naisenya, sikujua. Na Profesa, aliyezeeka akipima maji ya Wamaasai, hakujua naye. Aliwauliza kila kitu kuhusu visima, wao wenyewe hakuwauliza.

"Alifariki lini, baba?"

"Mwezi wa tatu. Tarehe kumi na nne."

"Pole sana."

Ilikuwa pole ya kwanza ya mtu wa chama. Kwenye mazishi hawakuja, hata barua. Nilikuwa nimewaandalia maneno makali siku nyingi, ya barabara, ya mafuta ya gari, ya huyo mwenye muhuri, na nikamwambia yote palepale, kana kwamba ni yeye aliyefanya. Akasikiliza mpaka mwisho. Hakujitetea.

Kisha akatoa orodha kwenye mkoba. "Nisikilize. Naweza kuandika kwamba mjumbe wa kumi sikumkuta nyumbani. Si uongo, sikumkuta. Gideon hatauliza, anataka kuwahi chakula. Kikundi kinapita, ubao unabaki, miaka minne. Au niandike ilivyo, na kikundi kinafungwa, sina namna. Mimi sikuchagulii."

"Kwa nini unipe mimi?"

"Kwa sababu ni mke wako."

Hakuna mkubwa aliyewahi kuniuliza neno hapo kabla. Darasa la nne huulizwi, unaelekezwa. Nikatamani asingeniuliza, maana angeamua yeye ningekuwa na wa kumlaumu.

Nikafikiria. Miaka minne. Profesa angenitumia ujumbe kila robo mwaka: mama hajambo? Ningejibu hajambo. Fomu ikija, amekwenda Enguserosambu. Nyingine, amekwenda Mbulu. Tathmini nyingine ikifika nimtume wapi? Na juu pale uani amekaa mwanamke aliyesafiri siku mbili na maziwa begani kuja kunililia mke wangu, nami nimemziba mdomo.

"Nipe kalamu," nikasema.

Jina lake lilikuwa la mwisho. Brigita Qamara, mwanajamii. Mbele yake nikaandika marehemu. Mwandiko wangu ni mkubwa, herufi zilipita nje ya mstari zikaingia kwenye nafasi ya saini. Dokta akaitazama, akakunja orodha.

Tuliporudi juu akamwambia Gideon kwa sauti ya kawaida, "Wako tisa." Gideon akauliza wa kumi amefanya nini. Akaoneshwa karatasi. Akaisoma, akanitazama, nikaona masikio yake yanabadilika rangi. Alikuwa amecheka na mimi habari za mkwe.

"Mzee, ulisema mjukuu…"

"Hakuna mjukuu."

Akafunga kompyuta. Namshukuru kwa hilo, hakuongeza swali.

Profesa alikuwa amesimama kwenye nguzo ya kibaraza. "Umenimaliza, Qamara," alisema polepole. "Kikundi nilikianza nina umri wa miaka hamsini. Sina kingine."

"Mimi nilikuwa na nini?"

"Ungeniambia huwezi. Ungesema tangu mwanzo."

"Ungekuja mazishini ungejua nisingeweza."

Akakaa chini kwenye ngazi, suruali yake nzuri kwenye vumbi, akafunika uso kwa kofia. Nilikuwa nimekusudia kufurahi nikimwona hivyo. Sikufurahi. Nilikumbuka nywele zake nyeusi na vijana wanashuka garini, na ile sauti iliyouliza nani anazijua chemchemi.

Naisenya ndiye aliyenyanyuka. Sasa hakuna ahadi iliyombana. Akaja akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akalia, si kwa kelele, ni machozi tu yanashuka na shanga zinatikisika. Alisema mengi kwa Kimaa. Jina halikuwemo. Na mimi nikalia kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu, maana siku ya mazishi nilikuwa na kazi ya kugombana na watu wa gari.

Wageni hawakula. Dokta alinipa mkono, akasema ripoti itaandikwa ilivyo, na habari ya pampu ataiandika hata kama fomu haina mahali pake. Gideon alitangulia garini. Profesa alipanda nao, hakuniaga, mimi pia sikumuaga.

Tukabaki wawili. Nikachemsha chai, Naisenya akamimina maziwa ya kibuyu, yale yanayonuka moshi, ambayo Brigita alikuwa anayasifu mbele yake na kunipa mimi ninywe akishaondoka.

"Baba Selina," akasema, "andika."

"Niandike nini?"

"Namba zangu. Nani mwingine atachukua? Kichwa kimejaa."

Nikaingia ndani nikatoa lile daftari jipya, ambalo halikusafiri kokote, nikafungua ukurasa mweupe, nikachora safu mbili kama alivyokuwa anachora mwenyewe. Naisenya akafumba macho. Alianza na mwezi wa tatu, wiki kwa wiki, namba kwa namba, anakunja vidole, akikosea anarudi nyuma kwa kukumbuka ng'ombe gani alizaa wiki ile au mvua ipi ilinyesha. Miezi saba. Alikwenda kila wiki, hata alipojua kwamba hakuna wa kumpigia. Mkono uliniuma, nilikuwa sijaandika kiasi hicho tangu utoto.

Alipomaliza akafumbua macho, akaitazama safu ya pili, ile ya kwetu.

"Na zako?"

Nikageuza kalamu. Nilikuwa na mengi ya kusema kuhusu wenye mihuri, na yote ni ya kweli.

"Sikwenda," nikasema.

"Wiki ngapi?"

"Zote."

"Miezi saba?"

"Miezi saba."

Akanywa chai yake mpaka akaona kitako cha kikombe. "Mwenzangu angekutukana," akasema.

"Angenitukana, ndiyo."

"Kwa Kiiraqw."

"Kwa Kiiraqw. Kiswahili kisingemtosha."